Dkt. Hulda Mlowe na Mapokezi ya Konokono

Dkt. Hulda Sadock Mlowe alizaliwa Yakobi, Njombe, tarehe 14 Machi 1979, binti pekee wa Mzee Sadock Mlowe na marehemu Ema.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Yakobi, sekondari Njombe mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam. Mzee alikwisha kuwatangazia washarika wote kwamba binti anasomea udaktari. Udaktari wenyewe, mwaka 2012, ukawa wa utafiti wa konokono. Jirani alipomletea mtoto mwenye homa, Hulda alimwelekeza zahanati, na siku ile Mzee hakugusa chakula.

Alifundisha chuo kimoja Iringa, akichunguza vipokezi, yaani visehemu vinavyopokea ujumbe, katika neva za konokono tangu wakiwa ndani ya yai hadi wanapokomaa: vipokezi gani hutangulia kujitokeza, vipokezi gani hubaki ukubwani. Siku moja, Hulda akiwa kando yake, Mzee aliulizwa nje ya kanisa binti yake anafanya kazi gani.

"Yuko mapokezi," alijibu kwa mkato. "Mapokezi ya konokono."

Watu waliangua kicheko, Hulda kuliko wote.

"Baba, umepatia! Ujumbe ukikosa wa kuupokea ni kazi bure. Na ndani ya yai, wapokezi wengine wanakaa tayari kabla mleta ujumbe hajafika."

"Kumbe konokono wana adabu kutushinda," alisema Mzee, akageukia habari za mvua. Hulda aliumia. Kuliko cheo chochote, alitamani baba yake aipokee kazi ile.

Mwaka 2006 alikuwa amefunga ndoa na Filbert Mtewele wa Makambako, wakajaliwa Peace na Steven. Konokono nao walikaa kwenye beseni barazani, na Filbert alizoea.

Mwanzoni mwa Juni 2025 Hulda alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli. Mzee alifika hospitali kutoka Yakobi, akamshika mkono.

"Kamwene, mwanangu."

"Baba, hasikii tena," alisema Filbert.

"Niache nimsalimie. Sauti imekwenda, lakini mapokezi yanaweza kuwa wazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

Vidole vya Hulda vilikaza kiganja cha baba yake. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 9 Juni.

Ameacha baba, mume, watoto wawili, na beseni la konokono ambalo Mzee ameomba apelekewe Yakobi.

Bwana ampokee, apumzike kwa amani.