Evodia Mathayo, Fundi wa Gia Boksi Aliyelizuia Basi la Krismasi

Jumatatu tarehe 30 Juni 1997, Bi. Evodia Mathayo, fundi mkuu wa gia boksi katika karakana yetu ya Wembere hapa Singida mjini, anavua ovaroli kwa mara ya mwisho. Ametumikia miaka thelathini na miezi mitatu. Kwa miaka hiyo yote hakuna lori wala basi letu lililotoka getini bila yeye kusimama pembeni kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja, akilisikiliza linavyobadilisha gia.

Alizaliwa Ndago, Iramba, mwaka 1942. Aliajiriwa Machi 1967, wakati huo kampuni yetu ikiwa bado ushirika. Hakuajiriwa kama fundi. Aliajiriwa kufagia karakana na kuchemsha chai, na wote tunaokumbuka chai hiyo tunakubaliana kwamba ufundi ulimfaa zaidi.

Ufagio ndio uliompeleka kwenye spana. Kila asubuhi alimwaga mchanga juu ya mafuta yaliyodondoka sakafuni, kisha akaufagia. Siku moja mwaka 1968 alimfuata fundi wa zamani, Mzee Ezekieli, akamwambia, "Shikamoo mzee. Lile lori la Mgori linadondosha mafuta."

"Marahaba. Malori yote yanadondosha mafuta, binti."

"Haya si ya injini. Ya injini ni mepesi na meusi, na yanadondoka mbele. Haya ni mazito, yana harufu kali, na yanadondoka katikati ya gari. Juzi lilikuwa tone moja, leo ni sahani nzima."

Mzee Ezekieli alicheka, lakini aliingia chini ya lori. Sili ya gia boksi, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, ilikuwa imekatika, na mafuta yaliyobaki ndani yasingejaza kikombe. Lori lile lingefika Mgori, lakini lisingerudi. Alipotoka chini alimpa Evodia spana na kuuchukua ufagio yeye mwenyewe. Mafundi wengine walidhani ni utani. Wiki iliyofuata ofisi ilitafuta mfagiaji mwingine.

Mwaka 1974 alifaulu mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, akiwa mwanamke peke yake katika chumba cha mtihani. Msimamizi alimwonyesha mlango wa jikoni, akidhani amekuja kupika. Baadaye alipata daraja la pili, kisha la kwanza, na wakati huohuo akalea watoto watano. Wa kwanza ni Dina, ndiyo maana karibu kila mtu hapa humwita Mama Dina.

Isidhaniwe kwamba hakuwahi kukosea. Mwaka 1984 alisikia mlio wa chuma ndani ya lori la Shelui, akaamuru gia boksi ishushwe. Mafundi wanne walifanya kazi siku nzima. Meno ya gia yalikuwa mazima, beringi zilikuwa nzima. Gia boksi ikarudishwa, lori likawashwa, mlio ukawa pale pale. Mwishowe likaonekana sufuria la dereva, limefungwa kwa waya chini ya bodi, likigongana na kifuniko chake. Mimi Urbano, mtunza stoo, nilikuwepo, na sijacheka tena kama siku ile. Yeye mwenyewe ndiye anayeisimulia hadithi hiyo kuliko sisi wote. Tangu hapo, kabla ya kushika spana, huuliza kwanza dereva amebeba nini.

Miaka ya tisini ilikuja na mageuzi, na mageuzi yalitufikia. Barabara ilijaa mabasi ya watu binafsi yaliyoletwa yakiwa yameshatumika ng'ambo, na ushirika wetu haukuweza kushindana nayo. Mwaka 1993 uliuzwa kwa Bwana Abdulrazaki, wa familia ya wafanyabiashara wa hapa mjini. Tulikuwa wafanyakazi sitini na wanne. Orodha ya watakaobaki iliposomwa ilikuwa na majina ishirini na moja, na jina la Evodia Mathayo halikuwemo. Alianza kufuta spana zake moja moja na kuzipanga kwenye kikapu.

Wakati huohuo bosi mpya alikuwa uani akikagua mabasi aliyoyanunua. Moja liliwashwa. Mama Dina, mgongo umegeukia mlango, akasema kwa sauti ya kawaida, "Bosi, mwambie akanyage klachi."

Dereva akakanyaga. Mlio mwembamba uliokuwa ukisikika chini ya injini ukakatika.

"Sasa aachie."

Mlio ukarudi.

"Klachi ikiachiwa linalia, ikikanyagwa linanyamaza," alisema. "Hiyo ni beringi ya mbele ndani ya gia boksi. Ingekuwa inalia ikikanyagwa, ningekwambia ni beringi ya klachi, kazi ndogo zaidi. Hili usilipeleke mbali."

Bosi alimtazama mtu aliyekuwa akipanga spana kikapuni. "Shikamoo mama. Hivi wewe unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda nyumbani Ndago. Jina langu halimo."

Bwana Abdulrazaki aliiomba ile orodha, akaandika jina lake kwa mkono juu kabisa, pale ambapo hapakuwa na mstari. Siku ile hatukufurahi sana, maana wenzetu arobaini na wawili walikuwa wakiondoka. Lakini tulifurahi kwa ajili yake.

Chini ya kampuni mpya ndipo alipoanzisha mkutano wa madereva wa Jumamosi, ambao wengi wetu tunauita darasa la Mama Dina. Aliwafundisha kuijua klachi iliyochoka: injini inanguruma, mwendo hauongezeki, na panapo kilima inatoka harufu ya kuungua. Kulikuwa na dereva aliyedai injini yake imezeeka. Mama Dina alimwambia avute breki ya mkono, aweke gia ya tatu, aachie klachi polepole. Injini ingepaswa kuzimika, lakini iliendelea kunguruma kwa raha zake. "Injini yako ina nguvu ya kutosha," alimwambia. "Nguvu inaishia kwenye klachi, haifiki kwenye matairi." Aliwafundisha pia kwamba gia inayokwaruza isilazimishwe, na kwamba dereva anayeegemeza mkono wake juu ya mkono wa gia safari nzima anaisaga gia boksi bila kujua.

Lakini jambo ambalo hatutalisahau lilitokea Jumamosi tarehe 23 Desemba 1995.

Asubuhi ile basi la Nzega lilikuwa limejaa watu waendao kula Krismasi kwao. Dereva wake alikuwa Joshua, kijana mtaratibu ambaye hakuwahi kupata ajali. Alikuwa akishuka kuangalia matairi Mama Dina alipomwona.

"Joshua, goti la kushoto limekuwaje?"

"Shikamoo Mama Dina. Goti zima kabisa."

"Marahaba. Mbona suruali imesagika upande huo tu, na hukanyagi sawasawa?"

Joshua alitazama chini. Mama Dina alipanda kwenye kiti cha dereva na kuushika mkono wa gia. Upande mmoja wa chuma rangi ilikuwa imefutika na kung'aa, mahali ambapo goti la mtu hufika. Chini ya kiti palikuwa na ukanda wa mpira wa tairi, wa kufungia kitu kisichomoke. Akashuka, akaenda mbele ya basi, akasimama.

"Basi hili haliondoki," alisema.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka sokoni. Mama mmoja mwenye kuku wanne alisema amelala stendi siku mbili kwa ajili ya kiti hicho. Bwana Abdulrazaki alikuja mbio, pindo la kanzu mkononi.

"Mama Dina, abiria wamekaa. Nikiwashusha leo, kesho wanapanda kwa wenzetu, na hawarudi tena."

"Najua, bosi."

"Limekwenda Nzega na kurudi wiki nzima. Tatizo liko wapi?"

"Gia ya tatu inachomoka. Joshua anaishikilia kwa goti."

Bosi akamgeukia Joshua. "Kweli?"

Joshua akainama kukagua tairi. Mama Dina akamsogelea bosi na kushusha sauti, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia. "Mwanangu, usiniamini mimi. Washushe abiria kwa nusu saa, upande mbele, twende kwenye mteremko wa njia ya Unyambwa. Isipochomoka, mimi nitawaomba radhi hawa watu mmoja mmoja."

Walikwenda watatu. Aliyosimulia Bwana Abdulrazaki baadaye ni haya. Mteremko ule ni mfupi, watoto huuteremka kwa baiskeli. Mama Dina alimwambia Joshua aweke gia ya tatu, atanue magoti, mikono yote miwili iwe kwenye usukani, kisha aondoe mguu kwenye mafuta. Mkono wa gia ulitetemeka, ukaruka wenyewe, ukakaa katikati. Basi zima, bila gia, likaanza kukimbia. Joshua alikanyaga breki, na likasimama chini kabisa, vumbi likawapita.

Bosi ndiye aliyesema kwanza. "Na Sekenke?"

Kila anayesafiri njia ya Shelui anaujua mlima Sekenke, kona zake na makorongo yake. Hapo breki peke yake haitoshi, gari linashikwa na gia.

Waliporudi, Bwana Abdulrazaki alisimama mwenyewe mbele ya abiria na kuwaeleza alichokiona kwa macho yake. Anayetaka kupanda basi jingine arudishiwe nauli, anayesubiri atasubiri kama mgeni wake. Waliondoka tisa tu. Nyumbani kwake mkewe, Bi. Saada, akabandika masufuria, na kabla ya adhuhuri abiria Wakristo na Waislamu walikuwa uani kwetu wakila pilau la Krismasi siku mbili kabla ya siku yake.

Sisi tuliingia shimoni, lile la kufanyia kazi chini ya magari. Nyuma ya karakana kulikuwa na basi bovu ambalo Mama Dina alikuwa amekataza mara tatu lisiuzwe kama chuma chakavu, kwa sababu gia boksi yake ilikuwa nzima. Tuliishusha hiyo, tukaishusha ile mbovu, tukazibadilisha. Abiria wanaume walivua mashati wakasaidia kubeba. Mama Dina aliimba nyimbo za kanisani kwa Kinyiramba huku akikaza nati, na abiria kutoka Iramba wakamwitikia juu ya vichwa vyetu. Saa nane na robo mchana basi likawashwa. Gia ziliingia moja baada ya nyingine kama kisu kwenye ala. Yule mama wa kuku alimpa Mama Dina jogoo mmoja, akasema huyo ni wa sikukuu yake.

Mama Dina alipanda nao. Alikaa karibu na dereva, akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni ili asikie kwa miguu. Sekenke waliushuka kwa gia ya pili, polepole, na Joshua anasema walipofika chini basi zima likapiga vigelegele. Shelui akashuka, akanywa chai, akapanda lori la kurudi Singida na jogoo wake.

Ilibaki habari ya Joshua. Bosi alitaka kumfukuza, na Joshua mwenyewe alikuwa ameshakabidhi funguo. Alikiri kwamba alikuwa ameujua ubovu wa gia ile kwa siku nane. Alinyamaza kwa sababu dereva ambaye basi lake limelala karakana kwa ubovu alikuwa akipewa likizo bila mshahara, na ana watoto wanne. Mama Dina aliingia ofisini bila kuitwa.

"Bosi, alikosea, na kosa lake lingeua watu," alisema. "Lakini ukimfukuza kwa kuficha, waliobaki hawataacha kuficha. Watajifunza kuficha vizuri zaidi. Mimi nina masikio mawili tu."

Bwana Abdulrazaki alifikiri kwa siku mbili. Krismasi ilipopita alifuta likizo ile, akatangaza kwamba dereva atakayeeleza ubovu wa gari lake atalipwa siku hiyo kama yuko safarini. Joshua aliondolewa kwenye basi miezi sita, akafanya kazi shimoni chini ya Mama Dina, kisha akarudi barabarani. Leo yeye ndiye anayesimamia madereva wote wa njia ya Nzega, na tangu mwaka ule hakuna gari letu hata moja lililopoteza gia mlimani.

Mama Dina anarudi Ndago kulima alizeti. Tunaambiwa ameshaiona mashine ya kukamua mafuta kijijini na kusema beringi yake inalia. Mwenye mashine ajiandae.

Jumamosi iliyopita ulikuwa mkutano wake wa mwisho na madereva. Tulikuwa tumeandaa hotuba na soda. Kabla hajaketi, dereva mmoja alisimama akasema lori lake linakwaruza linapoingia gia ya pili. Mwingine akasema klachi yake inashika juu sana. Akasimama wa tatu, na wa nne. Hakuna aliyewapanga. Mpaka mwisho walikuwa wamesimama madereva kumi na mmoja kati ya kumi na wanne, kila mmoja ametaja ubovu wa gari lake mwenyewe, mbele ya bosi, bila hofu. Mama Dina alisikiliza wote, kisha akaangua kicheko mpaka akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Basi, naweza kwenda," alisema.

Nenda salama, Mama Dina. Asante kwa kutufikisha nyumbani sisi na abiria wetu. Mungu akujalie afya, mvua kwa wakati wake, na wajukuu wa kukuchemshia chai iliyo bora kuliko ile yako.