Eufrasia Alois Ndalahwa na Mkanda wa Shimo la Rwamgasa (1948–1988)

Mimi ni Damian, mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kueleza maisha yake kabla hatujamrudisha ardhini. Dada mwenyewe aliniomba jambo moja alipokuwa kitandani: nisimpambe. Alisema, "Damian, sema na lile la shimo. Usiliruke." Kwa hiyo sitaliruka, na naomba wakubwa mnivumilie.

Marehemu Eufrasia alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Ushirombo, wilaya ya Kahama, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Alois Ndalahwa na Mama Melania. Alibatizwa Jumapili iliyofuata. Mama husema alikuwa mtoto wa kukodoa macho. Ukimbeba mgongoni alijigeuza mpaka kanga inalegea, aone watu wanafanya nini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1956 katika shule ya misheni, akaendelea na shule ya kati ya wasichana mpaka darasa la nane mwaka 1963. Nafasi ya kuendelea mbele hakuipata. Alikaa nyumbani akilima pamba na baba, na mwaka 1966 akachaguliwa kwenda mafunzo ya maendeleo ya jamii. Januari 1967 alianza kazi mjini Shinyanga akiwa Bibi Maendeleo. Alifundisha akina mama usafi, malezi na ususi, na alizunguka vijijini kwa baiskeli ya kiume, jambo lililosemwa sana siku zile.

Tarehe 26 Septemba 1970 alifunga ndoa takatifu na Marselino Kasanda, fundi wa pampu katika gereji moja mjini Shinyanga. Shemeji Marselino alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Walijaliwa watoto wawili, Coletha mwaka 1971 na Donatus mwaka 1975.

Julai 1977 maisha ya dada yaligeuka. Kulikuwa na mafunzo ya kutengeneza filamu za mambo ya kweli, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja pale Shinyanga, na waliotakiwa walikuwa watu wa kawaida: wakulima, mkunga, fundi viatu, na yeye Bibi Maendeleo. Mwalimu alikuwa Bwana Maulidi Sabiti, mtu wa mjini hapo hapo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezunguka mikoani na gari la sinema. Bwana Maulidi yuko nasi leo. Siku ya kwanza aliwaambia, "Hapa hakuna daftari. Nikiona mtu anaandika, namnyang'anya kalamu."

Wiki nzima hawakuona kamera. Kila mmoja alipewa kipande cha boksi chenye tundu, akaambiwa akatembee sokoni akitazama watu kupitia tundu hilo, kisha arudi awaeleze wenzake alichokiona na alichokiacha nje. Wiki ya pili ndipo wakapewa kamera ya kujaza kwa ufunguo kama saa ya mezani. Mkanda mmoja ulikwisha kwa dakika tatu kasoro. Sharti la Bwana Maulidi lilikuwa moja: aliyepigwa picha ndiye anayetazama kwanza, na akisema umemkosea, umemkosea.

Dada alikwenda Maganzo kupiga picha za akina mama wakichota maji. Mkanda uliposafishwa na kurudi, akawaita. Bibi mmoja, Mwaisha, alitazama mpaka mwisho, halafu akasimama. "Wewe binti, kichwa changu umekipeleka wapi?" Ni kweli, dada alikuwa amepiga ndoo na mikono tu. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye alicheka mpaka machozi, kisha akarudi Maganzo kwa baiskeli akapiga upya. Mara ya pili Bibi Mwaisha alipojiona kwenye shuka jeupe, alijifunga kanga yake vizuri pale alipokaa, kana kwamba anatazama kioo. Dada alituambia kuwa siku ile ndipo alipoielewa kazi.

Mafunzo yale yalikwisha mwaka 1980. Kamera moja akaachiwa yeye kwa barua. Kisha ikaja ile miaka tunayoifahamu wote, hakuna sabuni, hakuna dizeli. Gereji ya shemeji ilikosa vipuri ikafungwa. Mwaka 1983 shemeji alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu. Dada akaomba likizo bila malipo akamfuata, watoto akaniachia mimi hapa Ushirombo.

Kule Rwamgasa alifanya kama alivyofundishwa. Alikusanya watu wanane, wanne wachimbaji na wanne akina mama watwangaji wa mawe, akawapa vipande vya boksi vyenye tundu. Aliyekuwa hodari kuliko wote alikuwa Mbuke, mama mtwangaji, asiyejua kusoma. Wenyewe walichagua filamu yao iwe juu ya kazi ya siku moja shimoni, ili viongozi waone kwamba wale ni binadamu na wanahitaji zahanati. Walikuwa na mikanda mitatu tu.

Sasa nasema alilotaka lisemwe. Tarehe 2 Februari 1984, saa sita mchana, jua likiwa linaingia wima mdomoni mwa shimo, dada alishuka kwa kamba mpaka kwenye ngazi ya kwanza kumpiga picha mumewe akipanda na mfuko wa mawe. Kupitia kamera aliona gogo mojawapo kati ya yale yanayozuia kuta, ambayo wachimbaji huyaita matimba, limepasuka kutoka juu mpaka chini.

Alimwambia, "Baba Coletha, timba limepasuka hapo nyuma yako."

Shemeji akajibu, "Nimeliona tangu jana. Tutalibadilisha Jumatatu."

"Toka kwanza."

"Maliza kupiga, Mama Coletha. Jua litahama."

Akamaliza kupiga. Aliniambia maneno hayo mawili mara nyingi sana kwa miaka minne, wakati mwingine bila mimi kuuliza. Tunakula, mara anasema, "Nikamaliza kupiga."

Jumatatu ilifika, miti haikupatikana. Timba likafungwa kwa waya. Mikanda ikapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko ikapelekwa nje ya nchi kusafishwa. Dada alimwambia mumewe tena kuhusu waya ule, mara tatu au nne, naye kila mara alijibu kwamba wakilifikia jiwe lenye dhahabu, watahama shimo.

Tarehe 17 Aprili 1984, Jumanne ya Juma Takatifu, baada ya mvua ya siku mbili, shimo liliporomoka likiwa na watu saba.

Nilifika Alhamisi. Nilimkuta dada anachota udongo kwa sufuria. Kucha zilikuwa zimetoka. Mbuke alikuwa amemshika kiuno kwa nyuma ili asitumbukie. Maiti wanne walikuwa wamekwisha kutolewa. Ijumaa Kuu ukingo wa shimo ulianza kupasuka, na wakubwa wa wachimbaji wakakataza mtu kushuka tena. Marselino na wenzake wawili wako kule mpaka leo.

Kuna jambo dada alinieleza mwaka jana tu. Jumanne ile na Jumatano, mpaka alasiri, alilaza sikio chini akasikia mtu anagonga. Wengine walisema ni maji. Yeye alisema, "Maji hayapumziki, Damian. Yule alikuwa anagonga, anapumzika, anagonga."

Mikanda ilirudi tarehe 6 Juni. Bwana Maulidi alimwita Shinyanga, nami nikamsindikiza. Filamu ile haina sauti. Tulimwona shemeji anapanda, anafuta jasho, anatazama kamera, midomo inacheza, na nyuma yake timba limepasuka, wazi kabisa. Bwana Maulidi akanyoosha mkono kuzima mashine. Dada akasema, "Iache iende." Alipoona midomo ya mumewe ikicheza, akatamka naye kwa sauti ya chini: "Jua litahama."

Kuanzia hapo alikuwa na kazi moja tu. Aliazimwa mashine ya sinema na jenereta ndogo, akavifunga kwenye baiskeli, akawa anakwenda shimo kwa shimo, Rwamgasa na machimbo yote ya jirani. Alionyesha mchana, katika vyumba vilivyozibwa madirisha kwa mablanketi. Baada ya kuonyesha aliwapa wachimbaji kamera isiyo na mkanda, washuke nayo, watazame matimba yao kupitia kioo chake, wapande waseme walichokiona. Alisema mtu anaweza kupita mbele ya gogo bovu mwezi mzima asilione, lakini ukimwambia alipige picha, ataliona.

Ningependa kuwaambia kwamba walimsikia. Wachache walimsikia. Kundi moja lilitoka shimoni siku tatu, likarudi siku ya nne, kwa sababu watoto wao hawakuwa na chakula. Mahali pengine walimwita mwanamke wa nuksi, wakamtupia mawe, taa ya mashine ikavunjika. Mwaka 1985 mashimo mawili yaliporomoka, na katika moja walikuwamo watu waliokuwa wameitazama filamu ile na kumpigia makofi. Alikwenda kwenye misiba yote miwili. Alirudi hapa nyumbani akakaa uani siku nzima, Mama Melania anamwita, haitiki.

Ndugu zangu, filamu ya aina ile haina nakala. Mkanda unaoupiga ndio huo huo unaouonyesha, na kila ukipita kwenye mashine unachubuka. Kutengeneza mwingine kulihitaji kuupeleka nje, na sisi tungeupeleka na nini? Agosti 1986 Coletha, aliyekuwa na miaka kumi na tano, alikuja likizo. Mama yake alipouonyesha mkanda sebuleni kwangu kuujaribu, Coletha aliona mistari myeupe imempita baba yake usoni.

"Mama, usimwonyeshe tena," alisema. "Hatuna picha nyingine. Amebaki huyu tu."

"Walioko shimoni nao wana watoto, Coletha."

"Mimi ndiye mtoto wako!"

Niliingilia. Nilisema, "Dada, mtoto ana haki." Akatutazama wote wawili, akaukunja mkanda, akautia kwenye kopo lake. Asubuhi tulikuta baiskeli haipo.

Jumamosi tarehe 23 Agosti 1986, huko huko Rwamgasa, mkanda ulinasa ndani ya mashine na taa ikauchoma. Mbuke alikuwapo. Anasema uso wa Marselino ulivimba pale ukutani, ukawa kahawia, ukawa mweupe, basi. Watu walikimbia nje wakidhani ni uchawi. Dada alikata sehemu iliyoungua, akaunganisha iliyobaki. Mumewe hakuwamo tena. Lilibaki timba, sekunde kama kumi na mbili. Wiki iliyofuata aliendelea kulionyesha.

Coletha alipopata habari hizo alimwandikia mama yake barua ya mstari mmoja, ambao sitausoma. Baada ya hapo hakumwandikia tena.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 1985. Alikuwa akilala karibu na mahali pa kutwangia mawe, na vumbi lile sote tunalijua. Septemba 1987 alithibitika kuwa na kifua kikuu, akalazwa miezi mitatu, madaktari na wauguzi wakamhudumia kwa moyo, nasi tunawashukuru. Alipata nafuu akatoka, akarudi Rwamgasa. Juni mwaka huu Mbuke alimleta hapa, amelazwa kwenye lori la pamba, ana uzito wa mtoto.

Miezi yake ya mwisho alikuwa akiuliza swali moja. "Coletha amejibu?" Alikuwa amempelekea barua shuleni, akiomba msamaha. Nilikuwa namwambia, "Barua iko njiani, dada." Haikuwa njiani. Nilisema hivyo mara nyingi, na nadhani alijua, maana alikuwa ananiitikia tu, "Haya."

Jumanne tarehe 8 Novemba 1988, saa moja asubuhi, alimwomba Mama Melania amwinue atazame nje. Mama akamwinua. Alifariki akiwa ameegemea bega la mama, macho wazi, na mama ndiye aliyeyafumba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Simu ya maandishi niliyoipeleka shuleni ilichelewa, na Coletha aliingia hapa jana.

Marehemu ameacha mama, Mama Melania; watoto wawili, Coletha na Donatus; mdogo mmoja, ambaye ni mimi; Mbuke, ambaye tangu sasa ni wa familia hii; na wanafunzi wake wa machimboni, ambao sijui ni wangapi wangali hai. Sijui pia kama aliokoa hata mtu mmoja. Yeye mwenyewe aliwahi kuniuliza hilo.

Nilipomaliza kuandika haya alfajiri ya leo, nilimpa Coletha asome. Alisoma yote. Akachukua kalamu, akaandika chini kwa mkono wake, akaniomba nisome kama yalivyo:

"Mama, nilijibu. Barua ninayo hapa, sikuipeleka posta. Nimekusamehe tangu Julai."

Alhamisi tarehe 10 Novemba 1988, Ushirombo. Dada yetu amechoka sana. Mungu ampokee, amlaze mahali pake, na yeye na Marselino wapumzike.