Ndoo ya Marehemu

Macho hayana pazia, na masikio ya fundi cherehani hayakuwahi kuwa na mlango. Kwenye kiti cha mbele yake basini, mama mwenye nguo nyeusi alipakata ndoo iliyolegea kifuniko. Mzee aliyeketi kando ya mama akanusa.

"Bia ya ngano hiyo, binti yangu. Ina maganda ya chungwa na giligilani. Nimestaafu kutoka kiwanda cha bia."

"Ya marehemu mume wangu, baba. Alisaga nafaka mwenyewe, akaipika, akatia hamira Jumapili. Jumatano akatutoka."

"Pole sana. Mbona inanuka siki?"

"Aliniambia nisiifungue wiki mbili. Nimeifungua kila asubuhi. Ilikuwa inanukia kama shati lake."

Fundi akatazama dirishani, ingawa hakukuwa na cha kutazama.

"Basi hewa imeiharibu. Imwage tu."

"Nampelekea shemeji. Aliahidiwa glasi ya kwanza."

"Utamnywesha siki?"

"Atainywa. Ni ya kaka yake."

"Haifai, binti yangu."

Basi likasimama. Mama akainuka. Mzee akampokea ndoo ashuke, na kabla ya kumrudishia akakibonyeza kifuniko pande zote, taratibu, isiingie hewa.