Matunda Hayazimi Moto

Akina mama wenzangu, nimeambiwa nisimame nishukuru. Nitashukuru. Lakini nina hasira, na sitaiacha mlangoni kwa sababu tu tuko kanisani.

Mnajua nimesoma hadi sekondari. Mliponiona na kapu la pareto kule kwenye shamba la mzungu, Nyansiongo, mlicheka: "Haya, Kiingereza nacho kichume maua!" Nikachuma, mtoto mgongoni.

Pareto inataka mikono miwili. Na majivu yakidondoka kapuni, nyapara anamwaga maua yote. Basi omong'ina mmoja wa mstari wetu, mama mzee niliyemheshimu kama mama mkwe, akanifundisha kuvuta sigara. "Mokamwana, mkaza mwanangu, igeuze. Moto uwe ndani, ufunge mdomo. Majivu hayaanguki, na hata mume wako hataona." Nikaigeuza. Baridi ya asubuhi ikapungua, njaa nayo ikanyamaza. Ndugu zangu, msijifanye hamjui jambo hili. Nawaona wawili hapo nyuma mnakanyagana miguu.

Mwaka wa pili, ndani ya kinywa changu, kwenye kaakaa, pakatokea baka jeupe, gumu kama ngozi ya kisigino. Chumvi ikaniuma, uji ukaniuma. Nikamwonyesha yule omong'ina. Akacheka. "Hilo tu? Kula yale matunda meusi ya miiba kule kijitoni. Yanaosha moshi wote."

Nilikula! Konzi kwa konzi, kila baada ya sigara. Mdomo ukawa wa zambarau, harufu ikapotea, na nilipojitazama kwenye kioo, baka silioni. Nikasema nimepona. Mimi, msomi wenu! Rangi ya matunda ilikuwa imelifunika, na chini yake moto unaendelea kunichoma.

Siku moja binti yangu, yule wa mgongoni, wakati huo ana miaka mitatu, alikuwa akicheza uani. Akaokota kijiti, akakiweka mdomoni, akafumba. Kisha akachukua tunda, akatafuna.

"Unafanya nini wewe?"

"Navuta, Mama. Sasa naosha."

Nilimchapa. Halafu nikakaa chini nikalia, kwa maana aliyestahili kuchapwa hakuwa yeye.

Kesho yake nikaenda zahanati. Dresa, mhudumu wa wagonjwa pale, alitazama mdomo wangu akakunja uso. "Sukutua kwanza." Nikasukutua mara tatu, maji yakitoka zambarau. Alipotazama tena, akanipa kioo: baka liko palepale. Nikajua sijapona.

"Lakini nakula matunda," nikamwambia.

"Kula, ni chakula kizuri. Huenda hata yakausaidia mwili kujitengeneza. Lakini mama, nani anakandika ukuta nyumba ikiwa inawaka? Zima moto kwanza."

Nilimtukana moyoni njia nzima. Kisha nikaacha sigara. Msidhani niliacha kama malaika. Nilitetemeka, nikamfokea mume wangu, nikamwaga kapu zima la pareto kwa hasira. Mama mmoja aliyetoka kule ziwani, tuliyemwita mgeni na kumsengenya, ndiye aliyehamia mstari wangu. Kila nilipotaka kuvuta, alinikatia kipande cha muwa. "Tafuna, dada. Nitukane ukitaka, lakini tafuna."

Baka limepungua. Halijaisha. Dresa hulitazama kila mwezi, na kila mwezi siku hiyo silali vizuri. Sitawadanganya.

Basi namshukuru Mungu. Namshukuru dresa niliyemtukana. Nakushukuru wewe dada wa muwa. Umekaa dirishani, wala hutaki nikutaje. Hata yule omong'ina sina kinyongo naye, maana alinipa alichopewa. Hasira yangu ni kwetu sisi, tunaorithishana moto kinywani na kuupaka rangi.

Matunda kuleni, na watoto wapeni. Ila asiniambie mtu kwamba yanaosha.

Pale mlangoni nimeweka ndoo ya maji na kikombe. Leo hakuna kutoka kabla ya kusukutua na kufungua mdomo, tutazamane. Nyinyi wawili wa nyuma, njooni. Mtaanza nyinyi.