Aliitwa Binti wa Fundi Saa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Uliye jikoni, punguza moto. Uliye kitandani, baki hapo hapo, leo hatumfukuzi mtu. Sogezeni redio karibu, tumkumbuke mwenzetu.

Bi Machozi amefariki dunia. Narudia kwa waliochelewa kufungulia redio: Bi Machozi, yule mwigizaji wa filamu ya Gauni la Jirani, amefariki dunia juzi asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Ameacha binti mmoja. Ameacha na mdogo wake, wa tumbo moja, tunayemwita Kasuku. Washikeni akilini hao wawili, binti na mdogo mtu. Wao ndio walionisimulia, na wao ndio walioruhusu yasemwe. Kasuku hasa. Aliniambia, "Sema yote. Ukificha kitu, nitapiga simu hapo hapo studio nikuumbue." Mnamjua Kasuku? Basi nasema yote.

Kwa ambao hawakuiona, Gauni la Jirani ni filamu ya kutisha isiyo na jini wala kisu. Kinachotisha humo ni moyo wa mtu. Mwanamke anamwonea kijicho jirani yake. Anaanza kwa kuazima gauni. Halafu anaazima mwendo wake, cheko lake, sahihi yake. Mwisho anabeba na jina, na mwenye jina anabaki kugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, anaulizwa kutoka ndani, "Wewe nani?" Mwizi huyo ndiye Bi Machozi aliyemwigiza. Alimwigiza mpaka wanawake wakawa wanaanua nguo zao kambani wakimwona anakuja.

Watu walijiuliza, huyu mama kijicho hiki amejifunzia wapi? Alijifunzia nyumbani.

Baba yao alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele duka, chumba cha nyuma familia, katikati pazia. Ukutani saa tele, kila moja na wakati wake, kwa hiyo katika nyumba ile hakuna aliyechelewa kitu: ukichelewa kwa saa hii, kwa ile umewahi. Mabinti walikuwa wawili. Mkubwa, Bi Machozi, mzuri wa sura, mpole, kulia kwake karibu. Mdogo, sura yake haikuwa ya kugombaniwa, na maneno hayo ni yake mwenyewe, msinishike mimi. Lakini mdogo huyo akifungua mdomo, kila mteja aliyewahi kuingia dukani anatoka humo. Anakutolea mwenye mafua, anakutolea mwenye kiburi, anakutolea yule anayebishania bei mpaka sauti inamkauka. Ndiyo sababu akaitwa Kasuku. Baba alikuwa akicheka mpaka anadondosha skrubu, zile ndogo kama chembe ya sukari, kisha nyumba nzima inapiga magoti kuitafuta.

Bi Machozi naye alipiga magoti pamoja nao. Lakini yeye hakuwahi kumfanya baba adondoshe skrubu. Kitu kidogo hicho, mtasema. Ndiyo, ila kijicho si kilafi, hushiba kwa kidogo tu na kunenepa.

Siku moja akaja mwongozaji wa filamu na saa yake ya mkono. Bi Machozi alikuwa amekaa dukani na baba. Nyuma ya pazia, Kasuku anamwiga mzee mmoja aliyeleta saa mbovu, anagombana nayo: "Haijafa hii, fundi! Imezimia tu! Imwagie maji ya uso!" Yule mwongozaji akainua kichwa. Akatega sikio. Akacheka peke yake. Akachukua saa yake, akaenda zake. Hakuona uso wa mtu. Alisikia sauti. Bi Machozi alimwona anavyosikiliza, na mahali alipokuwa akitazama ni kwenye pazia.

Baada ya siku chache dereva akasimama mlangoni.

"Nimeagizwa nimchukue binti wa fundi saa. Anahitajika studio, kwa majaribio ya filamu."

Aliyefungua mlango ni Bi Machozi. Baba yuko kwa mteja. Kasuku yuko uani, anaanika nguo. Kumwita ilikuwa kupaza sauti tu, "Kasuku, unaitwa!" Basi. Maneno mawili. Bi Machozi alisema, kabla hajafa, kwamba maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, yametimia. Akayameza.

Akaenda uani. Gauni lake zuri lilikuwa bichi kambani. Akachukua la mdogo wake, lililokwishakauka.

"Dada, hilo si langu?"

"Nitalirudisha."

"Unakwenda nalo wapi?"

"Hapo tu."

"Hapo tu ndiyo wapi? Na usinichanie makwapa, wewe una mikono ya mpakua magunia!"

Akaenda. Studio wakamuuliza, "Wewe ndiye binti wa fundi saa?"

"Ndiye mimi."

Hakusema uongo, wasikilizaji wapendwa. Huo ndio ubaya wake. Uongo mtu huutubu. Ukweli kama ule utautubuje?

Mwongozaji akamwambia, "Hebu yule mzee wa saa iliyozimia." Akamfanya. Lakini hakumwiga mzee. Alimwiga mdogo wake akimwiga mzee. Kama chai iliyotiwa maji mara ya pili, bado ina rangi. Na sura ile, na machozi yale ya kuagiza tu, wakamchukua.

Jioni akalirudisha gauni. Makwapa yote mazima. Gauni alirudisha, wasikilizaji. Yaliyobaki hakurudisha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwenye malalamiko juu ya neno hilo awapelekee wahenga, si mimi.

Sasa dhambi ina tabia moja, haipendi kukaa peke yake ndani, hutafuta cha kufanya. Bi Machozi akaanza wema. Akamtafutia Kasuku kazi studio, kazi ya mvalishaji: kupiga pasi, kufunga vifungo, kushika pini mdomoni. Kasuku akafurahi mpaka akambeba dada yake juu juu. "Dada, wengine wakipata huwasahau ndugu zao. Wewe umenikumbuka!" Binti wa marehemu anakumbuka kwamba mama mdogo aliyarudia maneno hayo kila sherehe, kila mgeni, kila glasi ikiinuliwa. "Na mama," anasema, "kila akishukuriwa, alikuwa anainuka kwenda jikoni. Nilikuwa nikidhani anaona aibu kusifiwa."

Ikaja filamu ya Gauni la Jirani. Ikaja ile sehemu mnayoikumbuka wote. Mwizi amekwishapata kila kitu. Amekaa ukingoni mwa kitanda cha watu, ndani ya gauni la watu, ametugeuzia mgongo. Halafu mgongo unaanza kulia. Sauti hakuna, uso hatuuoni, ni mabega tu na kile kisogo.

Bi Machozi alishindwa sehemu ile. Uso wake ulijua kulia, mgongo wake haukujua. Mabega yalikaa kama ubao wa kupigia pasi. Mwongozaji akasema pumzikeni, turekebishe taa, na mtu mwingine akae pale wapime mwanga. Akakaa Kasuku, akavikwa gauni lile. Kwa nyuma dada hao walifanana kama sahani mbili za seti moja, ni kwa mbele tu ndipo Mungu alipobadilisha mawazo. Akakaa. Taa zikawaka. Na mabega yakaanza. Mpiga picha akaiacha kamera iende.

Walipomaliza wakamuuliza, "Umelilia nini?"

Kasuku akapenga kamasi. "Nimemwonea huruma yule mwizi. Amechukua kila cha mwenzake, sasa hakuna hata mmoja duniani anayemwita kwa jina lake. Si atakufa na upweke, maskini?"

Alimlilia mwizi, wasikilizaji. Na mwizi amesimama pale nyuma ya kamera, amemshikia viatu.

Filamu ikatoka. Mgongo ule ukapewa tuzo, na tuzo akapokea mwenye uso. Ndipo likaja jina la Bi Machozi. Kasuku hakununa. Alitania tu, "Mimi ni mtu maarufu sana, ila kwa upande wa nyuma." Kila alipotania hivyo, dada yake alicheka akichelewa kidogo, kama mtu aliyefikiwa na habari kwa simu mbovu.

Miaka ikapita. Uzee ukaingia bila hodi. Mwaka juzi filamu ikaonyeshwa tena ukumbini, na Bi Machozi akaitwa jukwaani. Alikuwa ameazimia. Alimwambia binti yake asubuhi ile, "Leo natua mzigo." Akashika kipaza sauti.

"Mgongo ule si wangu," akasema. "Ni wa mdogo wangu, yule pale kiti cha mbele."

Mnajua kilichotokea? Makofi! Watu wakasimama. Mshereheshaji akafuta macho. "Mnaona, jamani, unyenyekevu wa mtu mkubwa?" Mwingine akapiga kelele, "Mama, wewe ni mgongo wetu sote!" Nusu ya ukumbi ilidhani anasema kwa mafumbo. Na lile la pili, lile kubwa, la dereva mlangoni, lilikuwa tayari ulimini. Makofi yakaligubika. Bi Machozi angeweza kungoja yaishe. Maua yakaletwa, akayapokea. Alisema baadaye, "Nilifurahi yaliponizima. Hilo ndilo lililonitia hofu juu yangu mwenyewe."

Garini Kasuku alikuwa analia. "Dada, umeniheshimu mbele za watu. Kwa nini wewe ni mwema hivi?"

Aliyeiba akakiri, na kukiri kwenyewe kukamzidishia sifa.

Kifua kikaanza. Kasuku akahamia kwa dada yake, akalala chumba kile kile, akamwogesha kila asubuhi bafuni, juu ya kigoda cha plastiki. Akimwogesha anamtania. "Mgongo huu! Haujui hata kulia, unajua kuchafuka tu." Binti alikuwa akisikia kicheko cha mama mdogo mpaka sebuleni. Cha mama yake hakukisikia.

Asubuhi moja, mgongo umejaa povu, Bi Machozi akasema. Hakumtazama. Aliongea na ukuta.

"Siku ile ya dereva, hakuniita mimi."

"Dereva yupi?"

"Wa studio. Aliulizia binti wa fundi saa."

"Si ndiye wewe?"

"Tulikuwa wawili. Yule mwongozaji alikusikia wewe, nyuma ya pazia. Mimi nilimwona anakusikia. Uliitwa wewe, Kasuku. Mimi nilijua, nikavaa gauni lako, nikaenda."

Sifongo ikasimama. Haikuanguka, haikurushwa. Ilisimama tu, katikati ya mgongo. Kisha Kasuku akaiweka kwenye beseni, taratibu, akatoka.

Binti yuko koridoni. Mama mdogo akampita kama ampitaye mtu asiyemjua. Akafungua mlango wa mbele, akaketi kwenye ngazi, viganja juu ya magoti, maji yanamchuruzika. Bafuni, Bi Machozi amekaa juu ya kigoda, mtu mzima, mgonjwa wa kifua, povu linamkaukia. Binti alitaka kuingia. Mama yake akamzuia kwa mkono. "Niache. Aliyeniacha ana haki."

Kasuku akarudi. Akasimama nyuma yake.

"Nimerudi kwa sababu ya sabuni," akasema. "Ikikaukia mwilini inawasha. Usidhani ni kwa jingine."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Fumba macho, maji yanakuja."

Akammwagia. Akammwagia tena. Halafu akasema, "Geuka."

Bi Machozi akageuka. Maisha yote yale alikuwa hajamtazama mdogo wake machoni sawasawa, na hapo akamtazama, uchi, mzee, nywele zimelowa. Kasuku naye akamtazama kwa muda. Akamfunika taulo.

Tangu siku hiyo aliendelea kumwogesha kila asubuhi. Maji yale yale ya vuguvugu, mkono ule ule mwepesi. Ila utani uliisha. Binti anasema nyumba ilinyamaza kama duka la saa siku ya msiba. Bi Machozi aliuomba msamaha mara ya pili, akaambiwa, "Kunywa dawa." Akauomba mara ya tatu, akaambiwa, "Nakusikia." Hakuomba tena. Baada ya hapo alikaa tu akimtazama Kasuku anavyokunja nguo, mpaka asubuhi ile alipokata roho.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Machozi ametutoka. Narudia: Bi Machozi, binti mkubwa wa fundi saa, ametutoka na amekwishazikwa. Tunampa pole binti yake. Tunampa pole Kasuku, binti mdogo wa fundi saa, mwenye mgongo mlioulilia wote. Pole pia kwa ninyi mliompenda, na mwendelee kumpenda, hakuna aliyewakataza. Nawe uliyeketi hapo kimya, na mtu yuko chumba cha pili hajui ulichomchukulia, mimi sikutaji. Wewe unajijua. Nenda ukaseme wakati bado ana nafasi ya kukasirika. Hasira nayo inahitaji muda wake wa kupoa, na kifua hakingoji.

Nilimuuliza Kasuku kama alimsamehe dada yake. Aliomba jibu lake lisomwe mwisho, lisiongezwe chumvi.

"Waambie sijamsamehe," alisema. "Nilikuwa njiani, yeye akaondoka kabla sijafika. Lakini waambie nilimsuuza vizuri. Sikumwachia hata povu."