Theluji Iliyoanguka Kagera

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania wa Stockholm, Mzee Zephania. Bibi yangu Brigitha. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Tumba, Vällingby na hapa hapa Vårby gård: shikamooni. Mimi ni Leokadia, niliyemaliza shule wiki mbili zilizopita.

Babu Japhet, ambaye tumekuja kumpongeza kwa kustaafu udereva wa basi, bado yuko stesheni anapokea wageni. Kabla hajaingia, naomba kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nimemdanganya Babu mwaka mzima.

Mnamjua. Alipigana vita vya Kagera akiwa kijana, na ukimuuliza habari za vita, yeye hukuuliza kama umekula. Basi shuleni tulisoma kwa Kiswidi riwaya ya Mjerumani mmoja, Gerd Hollwedel, aliyevalishwa sare akiwa na umri wangu, akarudi kwao na kalamu ya kuwacheka wakubwa waliompeleka vitani. Humo yumo askari anayeomba kibali cha maandishi ili aruhusiwe kuogopa. Nilicheka, kisha nikamfikiria Babu. Je, angesikiliza kitabu cha Mjerumani? Thubutu! Kwa hiyo kila Jumapili nilimsomea nikikitafsiri kutoka Kiswidi. Yule askari nikamwita Koplo Mwamba, mto wao nikauita Kagera, na nikasema mwandishi ni mpiganaji wetu.

"Alikuwa kombania gani huyu?" Babu aliuliza. "Maana afande wake namjua!"

Nilijitahidi kubadilisha kila kitu, ila mimi ni mtoto wa Stockholm. Katika sura ya nne nilisahau kuiondoa theluji.

"Theluji?" Babu akavua miwani. "Kagera?"

Nikainamia kitabu. Akanitazama, kisha akaivaa tena. "Huyu mwandishi anatia chumvi. Haya, soma."

Jumapili iliyofuata tulifika mahali afande anapokagua vifungo vya mashati huku mabomu yakilia. Babu hakucheka. "Rafiki yangu Onyango alipungukiwa kifungo kimoja," akasema. "Akaamriwa arudi akakitafute. Hatukumwona tena."

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Adam, miaka arobaini na miwili tumeoana, jina hilo ndiyo kwanza nalisikia!"

"Keti basi, nikusimulie alivyokuwa anaimba vibaya."

Ndugu zangu, nani alisema mzaha ni kitu kidogo? Namjivunia Mjerumani yule, ambaye hakuiona Kagera, lakini alifungua mdomo wa Babu, ambao sisi wa damu yake tulishindwa kuufungua. Na Babu namjivunia zaidi, kwa sababu alikubali kukumbuka.

Zimebaki kurasa tisa. Tukimaliza ule wa mwisho, nitamwambia ukweli mwenyewe. Akiusikia leo kwa mwingine, naogopa ataanza tena kuniuliza kama nimekula.

Namwona kupitia dirisha lile, anavuka uwanja. Nawaombeni, siri hii ibaki kwetu hadi Jumapili.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi kwa kunyamaza.