Refa na Mstari wa Chokaa

Wasifu huu unasomwa kama ulivyoandikwa. Inabidi kusema hivyo mapema, kwa sababu wapo ndugu, tena wa karibu, walioomba sentensi moja iondolewe kabla karatasi hazijapelekwa kuchapwa. Haikuondolewa. Imo humo humo kwenye karatasi mlizoshika, na tukiifikia mtaijua wenyewe, maana mtasikia watu wa viti vya mbele wakikohoa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Refa, hadi watoto wa chekechea ambao hawajawahi kuona mechi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948, mtoto wa pili wa seremala na mshona mikeka. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alitoka amekunja ngumi zote mbili, na mkunga aliyempokea akasema, "Mama, huyu amekuja na kesi."

Alianza shule mwaka 1956 na kufika darasa la nane. Angeendelea, lakini baba yake aliumia mkono na karakana ikahitaji mtu. Shuleni anakumbukwa kwa jambo moja. Alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, akauliza swali gumu la hesabu, na darasa zima likanyoosha mikono. Mkaguzi akafurahi, akamchagua yeye. Refa akasimama, akatoa jibu sahihi, halafu akaongeza, "Mwalimu alitupa swali hili jana, pamoja na jibu lake." Alipewa adhabu ya kufagia uwanja muhula mzima. Alifagia kidevu kikiwa juu, mpaka wenzake wakawa wanamtania: "Wewe unafagia au unakagua gwaride?"

Sisi wajukuu tulipomuuliza kama alijutia siku hiyo, alicheka. "Nijute nini? Ule uwanja haujawahi kuwa safi kama mwaka ule."

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati. Alianza kwa kuokota vipande vya kitambaa chini ya mashine, baadaye akapewa meza ya ukaguzi karibu na dirisha: taa, mkasi mdogo, futi ya kitambaa shingoni. Kila shati lilipita mikononi mwake kabla ya kukunjwa. Siku moja lilipita shati la mkurugenzi mwenyewe, aliloagiza kwa ajili ya harusi yake. Refa akalirudisha. Likashonwa upya, akalirudisha tena. Mkurugenzi akashuka ngazi.

"Wewe, unajua hili ni shati la nani?"

"Najua, bosi. Ndiyo maana sijalikata matambara. Kola imepinda."

Mkurugenzi alioa akiwa na kola iliyonyooka, na picha ya siku hiyo ilining'inia ofisini kwake mpaka alipostaafu.

Hadithi hizi tumezisikia mara nyingi, na zote anatoka mshindi. Kwa muda mrefu kuna swali ambalo halikuulizwa nyumbani kwetu: Je, Refa alipenda ukweli, au alipenda kuwa yeye ndiye mwenye ukweli? Vitu hivyo viwili, ukiviangalia kwa mbali, vimevaa nguo za aina moja. Tutalirudia swali hili, kwa sababu yeye mwenyewe alilirudia.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1974. Mkewe, ambaye ni Bibi yetu, alikuwa mshona vifungo katika kiwanda hicho hicho. Kwa miezi kadhaa mashati yake yalikuwa yakirudishwa na mkaguzi, yeye peke yake, hata alipoyashona kwa uangalifu wa kupita kiasi. Mwisho akabeba furushi zima, akalitupa juu ya ile meza ya dirishani.

"Hivi wewe kaka, una tatizo na vifungo vyangu au una tatizo na mimi?"

Refa akajikuna kichwa. "Vifungo havina tatizo."

Kurudishwa kwa mashati yale ndio uongo pekee wa kazini tunaoweza kuuthibitisha, na wengi tuliosimama hapa leo tumetokana nao.

Bibi alikuwa na kaka, mpiga pasi wa kiwanda na mshambuliaji wa timu ya kiwanda. Kwa sababu ya mguu wake wa kulia walimwita Mzinga. Yeye na Refa walipatana mno, wakala sahani moja, wakaazimana mpaka viatu. Sasa ndipo tunapofika penye sentensi ile.

Mwezi wa Aprili 1979 ilichezwa fainali ya kombe la viwanda, kiwanda cha mashati dhidi ya karakana ya magari. Refa alikuwa akichezesha mechi za Jumapili kwa miaka mingi, na watu wa karakana walisema wazi: hatuingii uwanjani mpaka kipyenga ashike yule mkaguzi wa mashati. Wakaambiwa, "Lakini huyo ni mtu wa kiwanda, na mshambuliaji wa kiwanda ni shemeji yake." Wakajibu, "Tunajua. Tunamtaka huyo huyo."

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Mzinga akapata mpira, akawavuka wawili, akapiga huku akianguka. Kipa akapitwa. Mpira ukaelekea golini taratibu, ukazama kwenye tope juu ya mstari wa chokaa, ukakwama. Kipa akaurukia, akaulalia. Watu wa kiwanda walikuwa wameshaingia uwanjani wakikumbatiana. Refa alikuwa amesimama pembeni ya mlingoti, hatua chache tu kutoka pale. Akapeperusha mkono: mchezo uendelee. Kipa akainuka, akaubutua mbele, na wakati watu wa kiwanda bado wanabusiana, karakana wakaenda kufunga upande wa pili.

Mpira haukuvuka mstari.

Ndiyo sentensi yenyewe. Mnaweza kukohoa.

Hasara haikuwa ya kombe tu. Chini ya mwavuli mmoja alikuwepo mtu wa timu kubwa ya mjini, aliyekuja kutafuta mshambuliaji. Aliondoka na yule wa karakana. Mzinga akarudi kwenye pasi yake, akakaa hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Jambo hili lazima lisemwe, kwa sababu sisi vijana tukisikia "goli" tunadhani ni mchezo. Kwake yalikuwa maisha mengine, na yaliishia kwenye tope lile.

Kiwandani Refa alikula peke yake zaidi ya mwaka. Mtu alichora miwani kwa chaki juu ya meza yake. Hakuifuta. Alipofuta meza asubuhi alizunguka ule mchoro kwa kitambaa, akauacha mzima, akaendelea kukagua mashati. Walimwambia, "Sema tu hukuona vizuri, mvua ilikuwa nyingi, yaishe." Akasema, "Niliona vizuri. Mvua ilikuwa nyingi, na niliona vizuri."

Na Bibi? Bibi alikuwepo uwanjani. Kila aliyemuuliza, tangu mwaka ule hadi wiki hii, amejibiwa neno moja: "Mimi nilikuwa nakunja mwavuli."

Hapo Refa alikuwa na haki, na kama angeishia hapo wasifu huu ungekuwa mfupi. Hakuishia hapo. Alipigilia msumari ukutani sebuleni, juu ya redio, akatundika kile kipyenga. Ikawa mtu akikosea jambo lolote mezani, jina la mtaa, mwaka wa mvua kubwa, Refa anainuka, anakichukua, anapuliza. Wageni walicheka. Mzinga hakucheka, lakini aliendelea kuja, maana hapa palikuwa kwa dada yake.

Mwaka 1994 Mzinga alimwoza binti yake. Akiwa ameshika kipaza sauti, amependeza, mwenye furaha kuliko siku nyingine yoyote, aliwatania wageni: "Na nyie vijana, mkwe wangu huyu alifunga mabao mengi, lakini hajafikia lile langu la fainali." Kutoka meza ya nyuma kikasikika kipyenga. Refa alikuwa amekuja nacho mfukoni.

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mmoja. Mzinga aliweka kipaza sauti juu ya meza ya keki, akatoka kwenye harusi ya mwanawe kwa miguu. Tangu siku hiyo nyumba hizi mbili zilisalimiana kwa kutumia watoto. "Kamwambie mjomba wako shikamoo." "Kamwambie baba yako marahaba."

Refa alistaafu mwaka 2003, na kila mtu alidhani sasa atapumzika. Hakupumzika. Aligombana na muuza magazeti, na mita ya maji, na mtangazaji wa redio ambaye hakuweza kumsikia. Asubuhi alikuwa akitembea mpaka ulipokuwa ule uwanja, ambao siku hizi ni mahali pa kuoshea magari. Anasimama katikati ya mabomba, viatu vinalowa, anaangalia chini palipokuwa na chokaa. Waosha magari walimzoea. "Mzee, leo umevuka?" "Haujavuka, endelea na kazi yako."

Mjukuu wake mmoja, ambaye alikuwa akimsindikiza wakati wa likizo na ambaye wakati huo alikuwa mdogo wa kutosha kuuliza chochote, alimuuliza pale pale kwenye povu: "Babu, kama ulikuwa sahihi, mbona huna raha?"

Walirudi nyumbani, na njiani hakumsahihisha mtu hata mmoja. Jibu lilikuja siku kadhaa baadaye, akiwa anamenya chungwa, kama mtu anayezungumza na chungwa lenyewe. "Nilidhani naulinda ukweli. Lakini ukweli ulikuwa salama, haukunituma. Nilikuwa najilinda mimi." Akala kipande, akafikiri. "Siku ya mechi nilikuwa na haki. Siku ya harusi nilikuwa na haki vile vile, na nilikuwa mjinga." Jioni ile alikitoa kipyenga ukutani. Msumari aliuacha, akasema umkumbushe.

Lakini kwenda kwa Mzinga hakwenda. Kila wiki alisema ataenda wiki ijayo. Kiburi hakitoki kama msumari, na hatutasema hapa kwamba kilitoka.

Novemba mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Mwezi Machi madaktari waliwaita watoto wake pembeni. Hapo Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, akafanya jambo ambalo alilifanya kwa upendo, na analijua linasomwa hapa. Alimleta Mzinga hospitalini, na kabla hajamwingiza wodini aliinama kwenye sikio la baba yake.

"Baba, neno moja tu. Sema lilikuwa goli. Mpatane, moyo wako utulie."

Refa alikuwa hana nguvu ya kuinua kikombe, lakini sauti ilisikika mpaka kitanda cha dirishani. "Ukitaka nife na amani, usiniletee uongo niulalie kama mto. Mwite shemeji yangu aingie."

Mzinga akaingia na mkongojo wake, akasimama. "Refa."

"Mzinga. Kaa. Hicho kiti kibovu, egemea kulia."

"Nimeambiwa una neno la kuniambia."

"Ninalo, ila si lile walilonipangia hawa. Lile halikuwa goli. Lakini kipyenga nilichokupulizia mbele ya mwanao, kile hakikuwa na sheria yoyote. Kile kilikuwa changu mimi, cha kutaka wanione. Nisamehe, shemeji."

Mzinga akakaa, akaegemea kulia. Bibi alikuwa pale, akikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Ulivuka," Mzinga akasema.

"Haukuvuka."

"Refa, niliuona kwa macho yangu."

"Uliuona umelala kifudifudi, tope mpaka kwenye nyusi."

Mzinga akaanza kucheka. Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka, na Refa naye akacheka huku ameshika kifua, mpaka muuguzi akaja mbio. "Nani anampigisha kelele mgonjwa wangu?"

"Mimi, binti yangu," Mzinga akasema, akifuta macho. "Nimekuja kumtazama shemeji yangu. Ni kipofu."

Baada ya hapo alikuja kila alasiri. Alimnyoa ndevu, alimsomea magazeti, akabishana naye. Kile kipyenga alikabidhiwa, na kimo mfukoni mwake sasa hivi. Hajakipuliza. Madaktari hawakuelewa kwa nini mgonjwa aliyeshindwa kulala miezi yote ile sasa alilala kama mtoto. Sisi tulielewa. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyebadilisha neno, na wote wawili walikuwa na mahali pa kwenda alasiri.

Refa alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, chai yake ikiwa bado ya moto.

Kwenye kikao cha familia iliombwa ile sentensi itolewe kwa heshima ya Mzinga, mzee wa watu, ambaye angekaa kiti cha mbele na kuisikia ikisomwa mbele ya wenzake wote wa kiwanda. Hoja ilikuwa ya kistaarabu, na wengi waliafiki. Ndipo Mzinga mwenyewe akagonga mkongojo sakafuni.

"Iacheni hapo hapo. Mkiitoa, mimi nitabishana na nani?"

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, meza moja ya ukaguzi yenye alama za chaki ambayo kiwanda kilimpa alipostaafu, na shemeji yake, Mzinga, ambaye anasema ulivuka.

Refa apumzike kwa amani aliyoitafuta mwenyewe akaipata.

Haukuvuka.